Mashimo Manne ya Kigari

Royce Tafoya alikuwa ameinama akiweka jiwe chini ya gurudumu la kigari chake cha bunduki alipomwona Darcy Haldeman akishuka kwenye gari la mama yake. Kiunoni mwake, juu ya ile sketi ya kahawia aliyoishona mwenyewe, kulikuwa na mkanda ambao Royce hajapata kuuona.

Mkanda haukuwa wa dukani. Ngozi ilikuwa imeshalainika na kupata rangi ya chai ya rangi. Lakini ulimkaa Darcy barabara, na kila upande ulining'inia mfuko wenye bastola ndani.

Darcy akafungua mlango wa nyuma wa gari, akatoa bunduki ndefu, mtutu ukitazama juu kama kanuni zinavyotaka. Akaiegemeza kwenye gari. Kisha akatoa nyingine, ile fupi ya marisau.

Royce akabaki ameinama vile vile, jiwe mkononi.

Tangu majira ya kuchipua ya mwaka uliopita, wawili hawa walikuwa wakitumia silaha za Royce. Darcy alikuja uwanjani siku ya kwanza akiwa mikono mitupu, amevaa gauni la bibi yake na viatu vya kuendea kazini, akauliza mtu anaanzaje mchezo huu wa kupiga shabaha kwa silaha na mavazi ya kale. Royce ndiye aliyekuwa karibu. Akamwambia kile anachowaambia wageni wote: usinunue chochote mpaka umepiga kwa vya wenzako. Mimi nilikurupuka, nikanunua bunduki ya kuwindia kulungu, yenye risasi ndefu zenye nguvu. Nikaja nayo hapa nimevimba kichwa, wakanirudisha nyumbani, kwa sababu hapa bunduki lazima itumie risasi ndogo za bastola. Ile nyingine ingetoboa shabaha zote za chuma na klabu ingefilisika.

Darcy alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Royce akaiokota. Mambo yalianzia hapo.

Kuazimana kulikuwa na sharti moja. Watu wawili wanaotumia silaha zilezile hawawezi kupangwa wakifuatana. Mmoja akimaliza kupiga, lazima aende meza ya nyuma akaguliwe kuwa hakuna risasi iliyobaki, ndipo silaha zizungushwe hadi meza ya mbele kwa mwenzake. Kwa hiyo Royce alipangwa mwanzo wa orodha na Darcy katikati, na baina yao walikuwapo watu watano au sita. Walikuwa pamoja kila Jumamosi ya mechi, na kila Jumamosi walikuwa mbali. Walikutana kwa muda wa kupokezana tu. Royce alinyoosha bunduki, Darcy akaipokea, vidole vikagusana kidogo kwenye mti wa kitako, basi. Na Royce, mtu anayetengeneza pampu za visima kwenye mashamba ya ng'ombe na anayeweza kukaa wiki nzima bila kuongea na kiumbe zaidi ya mbwa wake, aliishi kwa mguso huo mpaka mechi nyingine.

Sasa Darcy alikuwa na vyake.

Akamjia akitabasamu, bunduki zote mbili mikononi. Upepo wa Novemba ulikuwa umemtoa nywele mbili tatu chini ya kofia.

"Umeviona?"

"Nimeviona. Hongera."

"Hongera tu?"

"Vizuri. Vimetunzwa." Royce akaitazama bunduki ndefu. "Hiyo ni ya Voss. Naijua kwa ule mkwaruzo."

"Imetoka kwake, ndiyo."

"Niliona gari lake kwenu. Mara mbili."

Darcy akapunguza tabasamu. "Umekuwa mlinzi wa mtaa wetu siku hizi?"

"Nilikuwa napita kwenda kutengeneza pampu."

"Pampu ya nani? Mtaa wetu hauna hata mbuzi."

Royce akalisukuma jiwe chini ya gurudumu. Garrett Voss alikuwa mgane mwenye duka la silaha mjini, mpole, tajiri kiasi, meno yote mdomoni. Uwanjani alijiita Hakimu Dhahabu, kwa maana kila mwanachama lazima awe na jina la kujipachika ambalo hakuna mwingine analo. Royce alikuwa Kisima Kikavu. Siku alipoliandikisha jina hilo aliliona la kuchekesha.

"Kwa hiyo huhitaji tena kungoja vyangu," alisema.

"Hapana," Darcy akajibu, na uso wake ukang'aa tena. "Sihitaji tena. Kweli kabisa, Royce, sihitaji tena."

Neno hilo lilimwingia kama maji ya baridi shingoni. Akakohoa, akasema ana kitu cha kumwuliza kiongozi wa kundi, akaondoka. Darcy akabaki amesimama karibu na kigari, akikitazama.

*

Walimwita Shangazi Baruti. Kwake aliitwa Wilma Prather, na alikuwa amefundisha hesabu miaka mingi kabla ya kustaafu na kuanza kuvaa suruali za ngozi. Ndiye aliyeongoza kundi lao. Royce alimkuta anakula burito, chapati iliyoviringishwa na pilipili mbichi, huku anapanga majina.

"Shangazi, nihamishie kundi la pili leo."

"Kuna nini?"

"Basi tu."

"Basi tu ni ugonjwa gani? Una homa? Umegombana na mtu?"

"Sijagombana na mtu."

"Hilo naliamini. Wewe hujui kugombana. Wewe unajua kuondoka." Akafuta midomo kwa mgongo wa mkono. "Sikiliza, Kisima. Kituo cha kwanza utapiga hapa, maana nimeshapanga na sipangui watu nikiwa na njaa. Anaanza Hakimu, unafuata wewe, halafu Binti Sindano. Ukimaliza bado unataka kuhama, nitakuhamisha na wala sitakuuliza."

Binti Sindano alikuwa Darcy. Royce aliyasikia majina yakifuatana, lake na la Darcy, bila mtu katikati, na wala hakufurahi. Bila shaka. Kwa kuwa hawashirikiani tena, hakukuwa na sababu ya kuwatenganisha. Sasa angeweza kusimama popote, na mtu yeyote.

Alikumbuka chakula cha Jumapili moja mwezi wa tisa nyumbani kwa kina Haldeman. Alikuwa ametoka nje kuchukua kuni, na dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Akamsikia mama yake Darcy, Bibi Opal, akisema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, yule mumeo wa zamani, Dale, alikuwa mwenye nyumba, mwenye gari, mwenye kila kijiko. Siku alipoondoka ulibaki na cherehani. Na sasa umepata mwingine, hata kitu cha kuchezea unatumia chake. Utaazima mpaka lini?"

Royce alisimama na kuni kifuani akingoja Darcy ajibu, na hakusikia jibu. Baada ya Jumapili ile Darcy alikuwa na kazi kila jioni. Ana nguo za watu, alisema. Cherehani haipoi, alisema. Ndipo gari la Voss likaonekana.

Basi mama ameshinda, Royce aliwaza. Na kwa haki yake wala hakusema uongo.

*

Kituo cha kwanza kilikuwa mbele ya ukuta wa mbao uliopakwa rangi ukaonekana kama benki. Shabaha za chuma zilisimama kwenye mchanga, na nyuma yake tuta la udongo la kuzuia risasi, na nyuma zaidi milima ya Dragoon imejikunja katika baridi. Kila mpigaji alitakiwa kusimama mlangoni, aseme kwa sauti, "Kahawa yenu ni mbaya kuliko benki yenu," ndipo saa ilie aanze.

Bibi Opal alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja nyuma ya kamba, vizibo masikioni, pochi mapajani, ameikumbatia kwa mikono miwili. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika. Royce alimwamkia kwa kugusa kofia. Naye akaitika kwa kidevu.

Hakimu Dhahabu akaenda mlangoni. Alikuwa amevaa koti jipya refu la sufi nyeusi, lililoshonwa likashonwa, mabega yamelala kama maji. Akaitukana kahawa, akapiga bastola zake vizuri, akashika bunduki, na kwa risasi ya pili bunduki ikakwama. Akasimama pale akiichokonoa bila haraka, saa ikihesabu.

Kwenye meza ya mbele, ya kujazia risasi, Royce alikuwa na Darcy bega kwa bega.

Hakugeuka kumtazama. Alitoa bastola ya kwanza, akaielekeza kwenye tuta, akaanza kuingiza risasi. Alikuwa akisikia harufu ya sabuni yake. Alikuwa akiona, kwa pembe ya jicho, mikono yake midogo yenye makovu ya sindano, ikijaza bastola zisizo zake yeye Royce. Akawaza mikono hiyo ikipokea bunduki kwa mtu mwingine. Akawaza Jumamosi zote zinazokuja.

"Royce," Darcy akasema polepole.

"Nasikiliza."

"Moja, ruka moja, jaza nne."

Royce akatazama mkononi mwake. Bastola ilikuwa na matundu sita, na yote sita yalikuwa yamejaa.

Hizi ni bastola za muundo wa kale. Nyundo yake hulala juu kabisa ya tundu, na tundu hilo lazima liwe tupu, la sivyo kishindo kidogo tu kinatosha kulipua risasi pajani mwa mwenyewe. Kila mgeni hufundishwa hilo kabla ya kufundishwa jina la klabu. Royce mwenyewe alikuwa amemfundisha Darcy kwa maneno hayohayo, moja, ruka moja, jaza nne, mpaka akayaimba wakati anaosha vyombo. Angeondoka mezani hapo na bastola ile, angetolewa kituoni mbele ya watu wote. Hilo lingekuwa jambo dogo.

Akaitoa ile ya sita.

"Asante," alisema.

"Una nini leo?"

"Sina kitu."

"Umejaza sita, Royce. Wewe. Ni kama kasisi kusahau amina."

Huko mlangoni Hakimu alikuwa bado anahangaika, na mwenye saa alimwambia asiwe na wasiwasi, kahawa bado ni mbaya. Watu wakacheka. Royce akaiweka bastola mezani.

"Nilidhani umenunua ili uondoke," alisema, akiiambia bastola.

Darcy akaacha kujaza. "Niende wapi?"

"Sijui. Kokote. Mama yako alisema kweli. Nilisikia, dirisha lilikuwa wazi. Na wewe hukumjibu."

"Ulisikia mpaka wapi?"

"Mpaka nilipoona kuni zinaniangukia miguuni."

"Basi ulisikia nusu, baba wewe." Darcy akamgeukia sasa, mikono yake ikibaki juu ya meza mahali inapotakiwa. "Nilimjibu nikiwa nakausha sahani. Nilisema, Mama, una haki. Nimechoka kuazima. Nitanunua vyangu kwa sindano yangu, halafu utaona nitaviweka wapi."

"Ulitaka kuviweka wapi?"

"Subiri, nimalize. Huu ni mkanda wa zamani wa Shangazi, nilimshonea suruali mbili. Bastola ni za mzee Pruitt, vidole gumba vyake haviwezi tena kuvuta nyundo. Aliniuzia kwa bei ya huruma kwa sharti nimtembelee nimwambie zinavyopiga. Hii ya marisau niliipata duka la rehani, kitako kimepasuka, nimegundisha. Vingekuwa vipya vyote, ningeuza hata meno. Bei ya gari linalotembea, Royce."

"Na bunduki?"

"Bunduki ndiyo malipo ya hilo koti."

Royce akatazama mlangoni, mabega yaliyolala kama maji.

"Alikuja kupimwa," Darcy akasema. "Mara ya kwanza vipimo, mara ya pili kulijaribu. Mama alikuwapo mara zote mbili. Alimpikia pai, maskini, akijitahidi. Voss alikula pai, akazungumza habari ya marehemu mkewe mpaka pai ikaisha, akaenda zake."

Kitu kilichokuwa kimemkaa Royce kifuani tangu mwezi wa tisa kikaanza kulegea, kidogo kidogo, kama nati iliyotiwa mafuta. Hakuamini mara moja. Alikuwa mtu wa kujaribu pampu mara tatu kabla ya kusema imepona.

"Mwaka na nusu," Darcy aliendelea, na sauti yake sasa ilikuwa chini zaidi. "Mwaka na nusu sijawahi kusimama meza hii na wewe. Wewe ukiwa hapa, mimi niko kule naokota maganda ya risasi. Nikifika hapa, wewe uko nyuma unakaguliwa. Kila mtu wa kundi hili ameshapiga soga na wewe hapa isipokuwa mimi. Hata Hakimu. Unamwambia nini Hakimu?"

"Habari za mvua."

"Hata hizo ningezisikiliza."

Bunduki ya Hakimu ikakubali, ikalia mara nane mfululizo, na watu wakashangilia. Mwenye saa akaita, "Kisima Kikavu."

Royce akaingiza bastola mifukoni. Tano na tano. Akatazama mara ya pili. Akachukua bunduki na ile ya marisau, akaenda mlangoni mwa benki, akasimama, na akasahau maneno.

"Kahawa," mwenye saa akamnong'oneza.

"Kahawa yenu ni nzuri sana," Royce akasema.

Kundi zima likaangua kicheko, na saa ikalia, na alipiga polepole, bila kukosa hata shabaha moja.

*

Royce alimngoja Darcy kwenye kigari. Alikuwa amekitengeneza mwenyewe majira ya baridi yaliyopita, kwa mbao za kitanda cha zamani na magurudumu ya kigari cha mtoto. Juu alitoboa mashimo manne ya kusimamishia bunduki, ingawa alikuwa na mbili tu. Mashimo mawili yaliyobaki aliyatia miavuli. Watu wa kundi walimtania mwaka mzima.

Darcy akaja kutoka meza ya nyuma, mashavu mekundu, silaha zake zimeshakaguliwa. Akasimama mbele ya kigari. Akachomoa mwavuli wa kwanza, akaulaza chini. Akachomoa wa pili.

"Miavuli, Royce," alisema. "Kwenye jangwa."

"Huwa inanyesha mwezi wa saba."

"Ulitoboa mashimo haya mwezi wa kwanza. Nilikuwa nimekuja kukuletea supu, ukayafunika kwa blanketi kama mtu aliyeficha maiti. Nikasema moyoni, sawa, akitaka kusema atasema. Nikangoja. Ikafika mvua, ikaondoka, na wewe bado unaniambia miavuli."

"Nilidhani utacheka."

"Ningecheka. Halafu ningesema ndiyo."

Royce akavua kofia. Hakuwa ameandaa maneno, au aliyaandaa mara nyingi mno mpaka yakafutika. Nyuma yao bastola zililia, chuma kikaitikia.

"Mimi si mtu wa vitu vingi," alisema. "Nyumba ni ndogo. Mbwa analala mlangoni. Lakini nikitoboa kitu, ninakitoboa kwa kipimo. Haya mawili niliyatoboa kwa ajili yako, na nilitaka uyajaze ukitaka, si kwa kuwa huna pengine pa kuweka. Ndiyo maana nilishindwa kusema. Mtu anayeazima kwangu ningemwulizaje? Angesema hapana vipi?"

Macho ya Darcy yakajaa. "Sasa niulize. Sasa naweza kusema hapana."

"Darcy, utaolewa na mimi?"

Darcy akachukua bunduki ndefu akaisimamisha kwenye shimo la tatu. Ikaingia sawasawa. Akachukua ile ya marisau yenye kitako kilichogundishwa, akaiingiza kwenye la nne, akaisukuma kidogo mpaka ikatulia. Kisha akajipangusa mikono kwenye sketi.

"Ndiyo," alisema. "Na jina hilo utabadilisha. Sitaki kuitwa Bibi Kisima Kikavu."

Royce akamkumbatia, mikanda yao ikagongana, na kwa muda hakusikia bastola wala chuma. Alihisi tu jinsi pumzi yake mwenyewe inavyotoka yote na kurudi yote, kitu ambacho hakikuwa kimetokea kwa wiki nyingi.

"Kisima," sauti ya Shangazi Baruti ikaita kutoka mbali. "Bado unataka kuhama?"

"Hapana, Shangazi."

"Nilijua. Nimeandika kwa kalamu ya wino."

Mtu akakohoa karibu yao. Bibi Opal alikuwa amesimama na pochi yake, kizibo kimoja sikioni, kingine mkononi. Alitazama bunduki nne kwenye mashimo manne, kwa muda mrefu, kama mtu anayehesabu vijiko baada ya wageni.

"Kwa hiyo hapa ndipo ulipoviweka," alimwambia binti yake.

"Ndipo hapa, Mama."

"Vyako ni vipi?"

"Hizi mbili."

"Na ukitaka kuvitoa?"

"Naviinua tu. Havijafungwa."

Bibi Opal akatikisa bunduki ya marisau kidogo kuhakikisha. Ikacheza, haijafungwa. Akashusha pumzi, na mabega yake, yaliyokuwa juu tangu asubuhi, yakashuka nayo. Halafu akamgeukia Royce. Hakutabasamu, lakini alikuwa karibu.

"Nimeona wanawake wa umri wangu pale," alisema. "Yule mwenye suruali za ngozi amenizidi mimi miaka. Hebu niambie, mtu kama mimi akitaka kuanza, ananunua nini kwanza?"

Darcy akajifunika mdomo.

Royce alimtazama mama mkwe wake, akatazama bastola kiunoni mwake mwenyewe, na akajibu taratibu, kama anavyowajibu wageni wote.

"Hanunui chochote, Mama. Anaazima."